Linki inayompeleka mtu kwenye sentensi yenyewe

Jamani acheni kumtumia mtu linki ya ukurasa mrefu alafu unamwambia "shuka chini kidogo utaona", mwenzako ana-skroli mpaka kidole kinachoka na bado hajaiona. Kwenye Chrome we selekti yale maneno unayotaka ayaone, bonyeza kitufe cha kulia cha mausi (kwenye simu ya Android shikilia maneno alafu gusa Share), utaona sehemu ya kukopi linki ya maneno uliyochagua, ikopi umtumie. Akifungua, ukurasa unashuka wenyewe mpaka hapo na maneno yamepakwa rangi. Raha sana hii, hasa kwa wanaosoma pamoja.

Hata kwa mkono inawezekana, mwisho wa linki unaongeza #:~:text= alafu maneno yako, mfano #:~:text=mvua%20za%20vuli, hiyo %20 ndo nafasi kati ya neno na neno. Kama ni aya nzima usiiandike yote, weka maneno ya mwanzo, koma, alafu ya mwisho, yaani #:~:text=mwanzo,mwisho, yenyewe itapaka rangi kila kilicho katikati. Ila koma iliyo ndani ya maneno yenyewe lazima uiandike %2C, la sivyo linki itachanganyikiwa.

Chrome imeanza nayo 2020, Safari 2022, Firefox 2024, kwa hiyo sasa hivi wengi itawafungukia vizuri. Na mwenye ukurasa akibadilisha hayo maneno, linki haifi, inafungua tu kuanzia juu kama kawaida.