Kifundo cha mguu kimegoma kupona: uende wapi?

Kifundo kikiteguka, maumivu makali hupungua ndani ya wiki 2 hivi. Zikipita 6 na bado kinavimba kila jioni, acha kukichua, nenda kapimwe.

Kama hukupigwa eksirei tangu uumie, bonyeza kwa kidole ukingo wa nyuma wa nundu ya kifundo, kutoka ncha ya chini kupanda sentimita 6, upande wa nje kisha wa ndani. Ukiumia kwenye mfupa wenyewe, au hatua 4 zikikushinda, usimalizie nauli zahanati, maana nyingi hazina mashine. Nenda moja kwa moja hospitali ya wilaya.

Mfupa ni mzima lakini mguu unakusaliti kwenye ngazi? Mara nyingi ni kano zilizolegea, na eksirei haizionyeshi. Hapo mwone mtaalamu wa fiziotherapia (tiba ya mazoezi): kusimama kwa mguu mmoja kila siku ni sehemu ya tiba yenyewe. Miezi 3 bila nafuu, omba rufaa kwa daktari wa mifupa. Kwa Dar es Salaam, nenda MOI, taasisi ya mifupa pale Muhimbili.

Vidole vikifa ganzi au kupoa, au kifundo kikiwaka moto na una homa, ni dharura ya leo hii.