Kumwachia Karani Fomu Pekee: Kuficha Zana za Mtengenezaji katika Access

Karani wa chama cha msingi cha ushirika anayepokea korosho huko Tandahimba au Newala hana haja ya kuona majedwali, hoja (maswali ya kuchota data, yaani queries) wala msimbo wa hifadhidata iliyotengenezwa kwa Microsoft Access, programu ya kuunda na kutumia hifadhidata. Anachohitaji ni fomu ya kuandika jina la mkulima, uzito wa magunia na daraja la korosho, kisha kuchapisha stakabadhi. Akiachiwa skrini kama anavyoiona mtengenezaji, ipo siku atafungua jedwali la wakulima, afute safu asizozikusudia na kulikubali onyo bila kulisoma.

Kwanza igawe hifadhidata, majedwali yakae katika faili moja, na fomu, ripoti na msimbo katika faili jingine, ambalo ndilo atakalofungua karani. Katika faili hilo la pili ingia File, Options, kisha Current Database. Chagua fomu ya kuanzia kwenye Display Form, halafu ondoa alama ya vema kwenye Display Navigation Pane (kidirisha cha pembeni kinachoorodhesha majedwali, fomu na vinginevyo), Allow Full Menus na Use Access Special Keys. Hilo la mwisho husahaulika sana, ilhali bila kuliondoa, kubonyeza F11 kunatosha kurudisha kidirisha chote ulichokificha. Mabadiliko huonekana baada ya kufunga faili na kulifungua upya.

Ukitaka kuondoa hata utepe wa juu wenye vitufe vya amri (Ribbon), weka amri hii katika tukio la kupakia (On Load) la fomu ya kwanza:

DoCmd.ShowToolbar "Ribbon", acToolbarNo

Hapa panahitaji uangalifu, kwa kuwa utepe ukiondoka, kitufe cha kuchapisha nacho huondoka, na karani atabaki akiitazama stakabadhi kwenye skrini huku foleni ya wakulima ikirefuka mbele ya mizani. Kwa hiyo weka kwenye fomu vitufe vyako vya Chapisha, Tafuta na Funga kabla ya kuficha chochote. Menyu za kubofya kulia mimi ningeziacha kwanza, maana makarani wengi huzitumia kuchuja majina.

Baada ya hayo yote, mtu akishikilia Shift wakati wa kufungua faili, mipangilio yote ya kuanzia hurukwa. Dawa yake ni sifa iitwayo AllowBypassKey, ambayo kwa kawaida haipo mpaka uiunde mwenyewe kwa msimbo:

Dim db As DAO.Database
Set db = CurrentDb
db.Properties.Append db.CreateProperty("AllowBypassKey", dbBoolean, False)

Ukihitaji kuingia tena, ifungue hifadhidata hiyo kwa msimbo kutoka faili jingine na uirudishe sifa hiyo kuwa True. Bila shaka mjuzi mwingine naye anaweza kufanya hivyo hivyo, kwa hiyo kuficha huku kunazuia makosa ya bahati mbaya tu; faili la majedwali linahitaji nywila yake.

Mwisho, kutokana na faili hilo la fomu tengeneza faili la ACCDE, ambalo halina msimbo unaosomeka wala haliruhusu fomu na ripoti kubadilishwa, ingawa hoja bado hubadilika. Litengeneze kwa Access yenye biti (32 au 64) sawa na ile ya kompyuta ya chama, kwani la biti 64 halifunguki kwenye Access ya biti 32. Faili la awali la accdb, yaani faili la kawaida la Access, libaki mikononi mwako, kwa sababu Access haina njia ya kuirudisha ACCDE kuwa faili la kuhaririwa.