Mboga za Kiroba kwa Wenye Ua Mdogo na Maji ya Chumvi

Wengi mmeniambia mlipanda mboga kwenye kiroba, ikaota, ikafa, mkaacha. Mimi pia hapa Tabata nilipoteza mchicha mara tatu nikilaumu mbegu, kumbe tatizo lilikuwa maji ya kisima. Kwa hiyo somo la leo linaanzia kwenye maji.

Hatua ya 1: Yajue maji yako. Visima vingi vya Dar vina chumvi, na si lazima uionje mdomoni. Mwagilia sehemu moja ya udongo siku kadhaa, uache ukauke. Ukiona utando mweupe juu, hiyo ndiyo chumvi. Kwenye mmea utaona kingo za majani zinakauka kama zimepitishwa motoni, ingawa udongo una unyevu. Kama unapata maji ya bomba, hata kwa mgao, yatunzie miche michanga. Ya kisima ipe mimea iliyokwisha kushika mizizi, na uimwagilie hadi maji yatoke chini ya kiroba, yaondoke na chumvi. Vijikombe viwili kila saa vinairundika chumvi pale pale.

Hatua ya 2: Udongo. Mchanga wetu haushiki maji. Changanya madebe 2 ya udongo mweusi na debe 1 la samadi iliyooza vizuri. Udongo ukiwa wa mfinyanzi, ongeza pumba za mpunga.

Hatua ya 3: Jaza kiroba. Chukua kiroba cha kilo 50, kikunje mdomo, kiweke juu ya matofali ili maji ya masika yasituame chini yake. Hapa ndipo watu wanapokosea: wanajaza udongo mtupu, maji yanaishia juu na mimea ya pembeni inakauka. Tafuta kopo la rangi lililokatwa kitako chote, liwe wazi juu na chini, lisimamishe katikati, lijaze kokoto, kisha weka udongo kulizunguka. Udongo ukifika ukingoni, livute kopo juu taratibu, kokoto zibaki. Lirudishe juu yake, jaza tena, hivyo hivyo hadi kiroba kijae. Utapata nguzo ya kokoto inayopeleka maji hadi chini.

Hatua ya 4: Panda. Toboa matundu ubavuni, kila moja mbali na jingine kama shubiri, upande miche ya sukuma wiki au spinachi. Juu mwaga mchicha. Mbegu zake ni ndogo mno, hivyo nusu kisoda changanya na kikombe cha mchanga mkavu, inatosha viroba vitatu. Funika kwa udongo mwembamba, weka kuti juu, na nyunyiza majivu kuzunguka kiroba, maana sisimizi hubeba mbegu za mchicha moja moja usiku kucha. Zikichipua, siku ya 3 hadi ya 5, ondoa kuti jioni, si mchana wa jua kali.

Maswali ya wanachama

*Dada wa Mbagala: Nilichukua mbolea ya kuku wa nyama bandani kwa jirani. Siku ya nne miche yote imeungua.*

Pole sana dada. Hiyo ilikuwa mbichi. Irundike, iloweshe kidogo, ifunike, igeuze kila wiki kwa miezi 2 hadi 3. Zamisha mkono hadi katikati: usipohisi joto wala harufu ya kukereketa pua, imeiva.

*Kaka wa Kigamboni: Kwangu ni chumvi tupu, bomba halijafika. Nipande nini?*

Anza na spinachi, inavumilia chumvi kuliko nyingi. Maharage na karoti ziache kwanza. Vuli na masika kinga maji ya bati kwenye pipa, lakini kaka, lifunike kabisa. Mbu wa dengue huzaliana kwenye maji safi kama hayo, na Dar tumeugua 2014 na 2019.

*Mama wa Magomeni: Mwanangu, sukuma wangu umejaa vidudu vidogo chini ya majani, unanata.*

Shikamoo mama. Hao ni vidukari. Pindua kila jani, wasugue kwa vidole na maji. Wakirudi, weka kijiko 1 cha chai cha sabuni ya maji kwenye lita 1, nyunyiza jioni upande wa chini wa jani. Majani ya kupika yaoshe vizuri. Yaliyojikunja kabisa yachume uyatupe mbali na kiroba.

*Mwanachama mpya, Kimara: Mchicha unang'olewa au unakatwa?*

Wiki ya 3 ng'oa ile iliyobanana, hiyo ndiyo mboga yako ya kwanza, laini, na kwa nazi haihitaji moto mwingi. Inayobaki iache ipate nafasi. Wiki ya 4 au ya 5 ikate asubuhi kwa kisu kikali, uache shina na majani mawili matatu ya chini. Machipukizi yatatokea pale kila jani linaposhikana na shina.