Kabla hamjaenda kuendesha baiskeli Sipi: mtu akivunjika atatokaje huko?

Watu wakipanga raidi ya baiskeli za milimani wanaanza na kilomita, huyu anataka arobaini, yule hamsini, halafu wanahamia picha za maporomoko na nyama choma ya jioni. Mi naomba muanze na swali lingine kabisa: katikati ya njia hiyo mtu akianguka akavunjika, anatokaje na anapelekwa wapi? Chukueni ramani, mpite njia yote kipande kwa kipande mkijiuliza hilo. Kipande ambacho hamna jibu lake, kiacheni au mtafute jibu kabla ya siku ya safari. Tyubu, maji, glavu na mengine yote yanakuja baada ya hapo.

Nitaongelea zaidi Sipi, kule kwenye maporomoko ya maji kwenye mteremko wa Mlima Elgon mashariki mwa Uganda, na mji wa Kapchorwa ulio karibu, manake ndiko wengi wetu wa Kampala na Mbale tunakimbilia, na pia kule Kiswahili kinaeleweka sana kwa ajili ya biashara ya mpakani na Kenya, kwa hiyo kuomba msaada si kazi. Sipi iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na ukishuka mpaka tambarare unakuwa umeacha mita zaidi ya 500 nyuma yako. Sasa hapo ndipo watu wanakosea hesabu. Lami ya Mbale kwenda Kapchorwa inapita Sipi juu, kwa hiyo kila mtu akilini anajua "tutarudi barabarani", lakini mkishakuwa chini nusu ya mteremko, kurudi juu na mtu aliyeumia ni mateso, na pengine dakika chache chini yenu kuna njia ya maramu, ile ya udongo mwekundu isiyo na lami, inayopitisha gari. Mgonjwa hapandishwi mlima kama barabara iko chini. Muulizeni kijana wa pale anayewaongoza: hapa boda inafika? Gari dogo je? Mvua ikinyesha linapita? Andikeni majibu, msiyabebe kichwani. Upande wa Kigezi huko Kabale, kusini magharibi mwa Uganda, wazee walishalimaliza hili zamani, wana engozi, kile kitanda cha kusukwa, mgonjwa analazwa na wanaume wanabeba begani kwa zamu mpaka barabarani. Kama mnaenda kule ziwa Bunyonyi ulizeni engozi ya kijiji iko kwa nani.

Kuhusu hospitali, jueni tofauti. Kituo cha afya cha daraja la tatu kitawasaidia kusafisha kidonda na kufunga bandeji, lakini mfupa unataka eksirei, na hiyo mnaenda hospitali ya Kapchorwa au mnashuka Mbale kwenye hospitali kubwa ya rufaa ya kanda. Pigeni simu siku moja kabla muulize kama eksirei inafanya kazi, na kama umeme upo. Namba ya polisi ni 999 au 112, lakini kule bondeni msitegemee namba ya dharura peke yake, muwe na namba ya dereva mwenye gari lake ambaye mmeshaongea naye na anajua mtakuwa wapi saa ngapi. Pia muwe na pesa taslimu mbali na mobile mani, manake mtandao ukipotea hata kama una milioni kwenye simu haikusaidii, na kuna wakati gari la wagonjwa lipo ila halina mafuta, mnaambiwa mweke nyie. Na mwenyekiti wa LC1, yaani kiongozi wa kijiji, apigiwe au asalimiwe asubuhi. Akijua mpo, watu watawatafuta msiporudi.

Nawaambia hivi kwa sababu nimeona inavyofanya kazi. Tulikuwa tunashuka mstari mmoja katikati ya migomba na kahawa, na mwenzetu wa mbele akaingia kwenye kona, hapo maji ya mvua yalikuwa yamechimba mfereji, akashtuka akavuta breki ya mbele kwa nguvu, baiskeli ikasimama yeye akaendelea. Alipoinuka kukaa nikajua kabla hajasema chochote: mkono wa kushoto ameukumbatia tumboni kwa mkono wa kulia, bega limeshuka, na juu ya mtulinga kuna nundu inasukuma ngozi. Mmoja wetu alikuwa amesoma huduma ya kwanza, akamuuliza jina lake, leo ni siku gani, shingo inauma? Hapana. Umepoteza fahamu? Hapana. Akambonyeza kucha akaangalia damu inarudi upesi, akamuambia achezeshe vidole vyote, akavigusa kimoja kimoja kuuliza kama anahisi. Mama mmoja aliyekuwa akichuma kahawa akafungua leso yake kiunoni, akasema, "Chukueni hii mumfunge mtoto wa watu." Tukaikunja pembetatu, mkono ukalala ndani, nyingine tukaipitisha kifuani isiyumbe. Mtulinga ukivunjika mtu anaweza kutembea, na tulijua tangu jana yake kuwa njia ya karibu ni ya kushuka, tukatembea naye taratibu na dereva akatukuta chini. Hakuna aliyekimbia huku na huku kutafuta mtandao. Ndio maana nasisitiza ramani.

Lakini ingekuwa ni shingo au mgongo mambo yangekuwa tofauti kabisa. Mtu akilalamika shingo, au ganzi kwenye mikono na miguu, msimuinue, msimkalishe, msimpandishe boda hata kama boda ndio usafiri pekee unaouona pale. Mmoja anashika kichwa chake kisichezecheze, mnamfunika asipate baridi, mnasubiri watu wa kumbeba akiwa amelala sawasawa. Helmeti msiivute kwa nguvu kama anapumua vizuri. Na kichwa kikigongwa, hata akisema niko poa, hapandi tena baiskeli siku hiyo. Akirudia swali lile lile, akitapika, akisinzia, kichwa kikizidi kuuma, hospitali moja kwa moja, na usiku wa kwanza asilale nyumba peke yake. Helmeti iliyopigwa hivyo imemaliza kazi, nunua nyingine hata kama kwa nje inaonekana nzima.

Vidonda vya kuteleza kwenye maramu watu wanavidharau sana, jamani. Ule mchanga mwekundu unaingia ndani, pepopunda inakaa kwenye udongo na kinyesi cha ng'ombe, na hizi njia zetu zina vyote viwili. Angalia ulichomwa lini sindano ya pepopunda, kama imepita miaka mitano na kidonda ni kichafu unatakiwa kuchomwa tena, kwa hiyo ni bora uchome kabla ya safari. Kidonda kioshwe kwa maji safi mengi, chupa nzima au mbili, si kupanguswa na kitambaa. Damu ikitoka sana bonyeza moja kwa moja na usiachie kuchungulia kila dakika. Kwenye begi la huduma ya kwanza mimi naweka bandeji pana, leso mbili, plasta ya kitambaa, glavu za mpira, mkasi, paracetamol, ORS (unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini) na ile blanketi ya foili inayong'aa, na begi analibeba anayeendesha wa mwisho, si wa mbele, manake wa mbele akishateremka kurudi ni kazi.

Huyo wa mwisho pia ndiye anayehesabu watu kila njia panda. Na mkishuka acheni nafasi, mtu akianguka mmoja arudi juu ya kona asimamishe wanaokuja, la sivyo mtapata majeruhi wawili.

Baiskeli za kukodi zina kitu kimoja cha kuangalia kabla hujakaa juu yake: breki ya mbele iko mkono gani? Nyingine ni kulia, nyingine kushoto, na mkono ukishazoea haukuulizi ukiwa kwenye kasi. Bana kila moja ukisukuma baiskeli uone tairi gani inakaza. Tyubu beba za saizi yako na pampu yako, fundi wa kijijini ni hodari lakini tyubu zake ni za zile baiskeli kubwa nyeusi za inchi 28, na pampu yake huenda isikubali valvu yako.

Muda nao. Jua kule linazama kati ya saa kumi na mbili unusu na saa moja, na giza halichelewi. Mvua ya Elgon inapenda kuja mchana, kwa hiyo saa moja asubuhi muwe mmeshaanza na saa nane muwe mnamalizia. Miezi ya Machi mpaka Mei, na Septemba mpaka Novemba, udongo unanata kwenye tairi mpaka gurudumu linagoma, na hilo ndilo dogo, manake milima ile inaporomoka: Bududa mwaka 2010, Bulambuli Novemba 2024, watu walifukiwa majumbani mwao. Mvua ikiwa imenyesha siku kadhaa mfululizo, ahirisheni. Wenyeji wakisema njia fulani hapana, basi hapana.

La mwisho mkubaliane mapema nani anabaki na nani anaondoka na mgonjwa, baiskeli yake inalala kwa nani, na ni mtu mmoja tu wa kupiga simu kwao. Kila mtu aandike namba ya ndugu yake na dawa zinazomdhuru kwenye karatasi, aibandike ndani ya helmeti. Na picha ya ajali isiingie kwenye grupu la Watsap kabla mama yake hajaambiwa kwa sauti.