Kesi iliingia kwa mlango upi? Namna ya kusoma hukumu za kale za Marekani

Binti wa dada yangu alifika nyumbani Ngamiani, Tanga, Jumamosi moja jioni, karatasi za fotokopi mkononi, uso umemshuka. "Shikamoo mjomba. Hii nimeisoma mara tatu, sijajua hata nani kamshtaki nani." Ilikuwa hukumu ya mwaka 1905, Lochner dhidi ya New York. Anasoma sheria, na darasa lao lilipewa hukumu nne za Marekani za miaka ile. Nikamwambia, mwanangu, weka karatasi chini, unywe chai kwanza. Ugumu wa hukumu hizi hauko kwenye Kiingereza chake. Uko mlangoni.

Mimi si wakili. Nilikuwa karani wa masjala miaka 31, kupokea majalada, kugonga mihuri, kupanga tarehe. Kazi ile ilinifunza kwamba kabla hujauliza nani ana haki, uliza shauri limefunguliwa wapi na kwa nini hapo. Nilimwona mzee mmoja kutoka pande za Pangani, mwenye shamba la minazi, akipoteza miaka minne kwa sababu aliyemwandikia madai alimpeleka mahakama ya mwanzo na shauri la ardhi, wakati sheria ilikwisha kuyahamishia mashauri hayo kwenye mabaraza ya ardhi. Alishinda kule chini. Kwenye rufaa kila kitu kikafutwa, akaambiwa aanze upya. Hakuna jaji aliyesema minazi si yake. Siku ile alikaa kwenye benchi nje ya masjala mpaka tunafunga, na sijamsahau. Tangu hapo, hukumu yoyote nikiisoma, ya Tanga au ya Kentucky, naanza na mlango.

Basi tuanze nao. Sisi Bara tunapanda ngazi moja: Mwanzo, Wilaya au Hakimu Mkazi, Mahakama Kuu, Rufani. Zanzibar wana ngazi yao, tunakutana juu kwenye Rufani. Marekani kila jimbo lina ngazi yake kamili, na mwaka 1905 majimbo yalikuwa 45. Pembeni ya ngazi hizo zote, serikali ya shirikisho ina ngazi yake nyingine, inayoanzia chini kabisa na kuishia Mahakama ya Juu ya Marekani. Kwa hiyo katika mji uleule unaweza kukuta majengo mawili ya mahakama, na jaji wa hili si mkubwa wa jaji wa lile.

Sasa tazama kichwa cha karatasi. Hukumu ya binti yetu ilikuwa na alama hii: 198 U.S. 45. Namba ya kwanza ni juzuu, herufi ni mfululizo wa vitabu, namba ya mwisho ni ukurasa inapoanzia. Herufi U.S. ni za Mahakama ya Juu ya Marekani peke yake. Ukiona N.Y., hiyo ni mahakama ya juu ya jimbo la New York. Ukiona F. au F.2d, uko kwenye mahakama za shirikisho zilizo chini ya ile ya Juu. Kwa herufi hizo tu umekwisha kujua uko nyumba gani.

Majina ya mahakama yasikudanganye. New York, mahakama inayoitwa "Supreme Court" ndiyo ya kufungulia mashauri, na ya juu kabisa jimboni ni "Court of Appeals". Binti yetu alikuwa ameandika kinyume chake kwenye daftari, na insha nzima ikapinda. Upande wa shirikisho kuna mtego mwingine: "Circuit Court" ya zamani ilikuwa ya kusikiliza mashauri mapya, na zilifutwa zote tarehe 1 Januari 1912. Kwa hiyo jina hilo kwenye hukumu ya 1908 na jina linalofanana nalo kwenye hukumu ya 1925 si kitu kimoja.

Na lile swali lake la nani kamshtaki nani? Mbele ya Mahakama ya Juu, jina la kwanza ni la aliyelalamikia uamuzi wa chini, si lazima awe ndiye aliyeanzisha kesi. Joseph Lochner alikuwa mshtakiwa. Kwenye mahakama za New York shauri lilianza na jina la umma wa jimbo, kisha la kwake. Alipoukatia rufaa uamuzi huo Washington, iliko Mahakama ya Juu ya Marekani, majina yakageuka.

Hapo ndipo pa kufuata njia ya kesi hatua kwa hatua, na kesi hii inastahili kufuatwa polepole. Nyumba ya tatu kutoka kwangu kuna bekari. Saa nane za usiku nasikia jamaa wanapiga donge la unga mezani, na alfajiri wakitoka kupumua nje wana nyusi nyeupe kwa vumbi la unga. Wanaokaa mtaani kwetu wanakijua kikohozi chao. Fikiria kazi hiyohiyo, lakini chumba kiko chini ya ardhi, dari fupi, joto la tanuri halina pa kutokea. Bekari nyingi za New York zilikuwa hivyo, na mwaka 1895 jimbo likatunga sheria: mfanyakazi wa bekari asizidishe saa 10 kwa siku wala 60 kwa wiki. Lochner, mwenye bekari mji wa Utica, alitiwa hatiani mara ya pili kwa kumzidishia mfanyakazi saa, akatozwa faini ya dola 50.

Alipanda ngazi ya jimbo, akashindwa kwa kura 3 kwa 2. Akapanda tena mpaka juu jimboni, akashindwa 4 kwa 3. Ndipo akavuka kwenda Mahakama ya Juu ya Marekani, akashinda 5 kwa 4. Chukua kalamu ujumlishe kama nilivyofanya: katika ngazi hizo tatu za rufaa majaji 11 waliona sheria ni halali na 10 waliona si halali, na waliokuwa wachache ndio walioshinda, kwa sababu watano kati yao walikaa kwenye ngazi ya mwisho. Usipofuata njia hutaona hilo.

Lakini alivukaje? Mahakama ya Juu haikuwa na kazi ya kusahihisha sheria za jimbo kwa kuwa tu haikuzipenda. Lazima pawe na swali la shirikisho. Lochner alishika Marekebisho ya 14 ya Katiba, ya mwaka 1868, yanayokataza jimbo kumnyang'anya mtu uhai, uhuru au mali bila kufuata sheria ipasavyo. Alidai kwamba uhuru huo una ndani yake uhuru wa kuandikiana mkataba wa kazi. Kwa hiyo andika swali la kesi kwa sentensi moja inayoanza na "je": je, jimbo linaweza kumkataza mtu mzima kukubali saa zaidi ya 60 bila kuvunja Marekebisho ya 14? Sentensi hiyo ikikushinda kuandika, rudi usome, hujaielewa bado. Jaji Peckham, akiandika kwa niaba ya walio wengi, alisema haliwezi, kwa kuwa hakuona uhusiano wa kutosha kati ya saa za kazi na afya. Jaji Harlan alipinga kwa ushahidi wa afya za waoka mikate wenyewe. Jaji Holmes alipinga kwa maneno machache sana, kwamba Katiba haikuandikwa ili itumikie nadharia moja ya uchumi. Soma maoni ya wachache kila mara, usiyaruke. Mimi namsoma Harlan kwanza, kwa sababu yeye ndiye anayekuonyesha mtu akikohoa.

Kisha weka pembeni yake hukumu nyingine ya mwaka uleule, 197 U.S. 11, iliyotolewa miezi miwili kabla. Mchungaji Jacobson wa Cambridge, Massachusetts, alikataa chanjo ya ndui akatozwa dola 5. Alishika Marekebisho yaleyale ya 14. Alishindwa, kura 7 kwa 2, na Harlan ndiye aliyeandika. Mlango mmoja, kifungu kimoja, majibu mawili. Ukiweza kueleza kwa nini ndui ilitosha na vumbi la unga halikutosha, umeshika kiini cha miaka ile. Wakili Louis Brandeis alikishika mapema: mwaka 1908, akitetea sheria ya Oregon ya saa 10 kwa wanawake wa viwandani na wa sehemu za kufulia nguo, alipeleka hoja za kurasa 113, nyingi zikiwa ripoti za madaktari na wakaguzi, hoja za sheria zenyewe zikichukua kurasa kama mbili. Jimbo likashinda kwa kauli moja.

Kuna jambo moja la kuangalia kwenye tarehe. Mpaka tarehe 23 Desemba 1914, mlango wa kutoka mahakama ya jimbo kwenda Washington ulifunguka upande mmoja tu: pale mahakama ya jimbo ilipoikataa haki iliyodaiwa chini ya Katiba ya nchi. Jimbo likiikubali, safari imekwisha. Tarehe 24 Machi 1911 mahakama ya juu ya New York ilifuta sheria ya fidia kwa wafanyakazi wanaoumia kazini, ikasema inanyang'anya waajiri mali yao. Hapakuwa na pa kwenda. Kesho yake kiwanda cha nguo cha Triangle kiliungua mjini New York, wakafa watu 146. Nikisoma tarehe hizo mbili zikifuatana, roho yangu huwa nzito.

Mlango wa pili unaanzia moja kwa moja mahakama ya shirikisho, bila swali lolote la Katiba. Inatosha wanaogombana wawe wa majimbo tofauti na shauri lizidi kiasi fulani, ambacho toka sheria ya 1911 kilikuwa dola 3,000. Kuuelewa mlango huu, nenda stendi ya Kange basi la Dar linapoingia. Bajaji na bodaboda wanavyoligombea lile basi! Sasa fikiria mwenye stendi kaandikiana na kundi moja kwamba hao peke yao ndio watakaoingia ndani kuita abiria.

Ndivyo ilivyokuwa stesheni ya reli ya Bowling Green, Kentucky. Kampuni ya teksi ya Brown and Yellow ilikuwa na mkataba wa namna hiyo na reli, na wapinzani wao Black and White wakaendelea kuingia. Mahakama za Kentucky zilikwisha kuamua kwamba mikataba ya hivyo ni batili. Brown and Yellow walifanya nini? Waliivunja kampuni yao ya Kentucky, wakaiandikisha upya Tennessee kwa jina lilelile, teksi zilezile, stesheni ileile. Sasa wakawa "wageni", wakafungua shauri mahakama ya shirikisho. Huko, kwa kufuata hukumu ya 1842 ya Swift dhidi ya Tyson, majaji hawakufungwa na yale mahakama za jimbo zilivyoamua kuhusu sheria isiyotungwa na bunge. Walijitafutia wenyewe sheria ya jumla. Mwaka 1928, Mahakama ya Juu, kura 6 kwa 3, Brown and Yellow wakashinda. Holmes alipinga tena: sheria haielei hewani, ni ya jimbo fulani lenye mamlaka. Naamini alikuwa sahihi, na nasema hivyo kama mtu aliyepokea majalada. Dereva wa teksi hawezi kujua haki yake iko wapi kama inabadilika kwa karatasi ya usajili.

Hatua ya mwisho ni kuuliza kama hukumu bado iko hai. Lochner ilipoteza nguvu mwaka 1937, mahakama ilipokubali kima cha chini cha mshahara wa wanawake katika jimbo la Washington, lile la pwani ya magharibi. Swift ikazikwa 1938 katika kesi ya kampuni ya reli ya Erie na kijana Tompkins aliyepoteza mkono wa kulia akitembea kando ya reli Pennsylvania. Baraza la raia wanaoketi na jaji kuamua kesi (jury) lilikuwa limempa dola 30,000; Mahakama ya Juu ikasema sheria ya Pennsylvania ndiyo itumike. Na ukiandika kwa ajili ya mahakama zetu, kumbuka hukumu hizi hazimfungi jaji wa hapa, zinaweza kumshawishi tu. Sheria ya kawaida (common law, isiyotungwa na bunge) tuliyorithi ni ya Uingereza kama ilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920.

Jumatatu alirudi na hukumu mbili zilizobaki, na safari hii alikuwa amezisoma peke yake. Zote zilihusu gurudumu la mbao la gari lililovunjika njiti, mnunuzi akaumia, na gari alilinunua kwa muuzaji, si kiwandani. Kwenye 221 F. 801, ya mwaka 1915, kiwanda cha Cadillac kilishinda. Kwenye 217 N.Y. 382, ya mwaka 1916, MacPherson aliishinda Buick, na Jaji Cardozo akasema mwenye kuunda kitu kitakachokuwa hatari kikiundwa vibaya ana wajibu kwa atakayekitumia, hata kama hawakuandikiana mkataba.

"Ya kwanza mlango wa shirikisho, mjomba," alisema akinionyesha daftari. "Ya pili jimbo, haikuvuka popote."

Nikamuuliza, na ile ya Cadillac iko hai? Akafunua ukurasa. Alikuwa ameandika kwa wino mwekundu: mahakama ileile iliigeuza mwaka 1919.