Jinsi ya kubishana ishu ya Guantanamo bila kujichanganya

Habari ikitoka tu kwamba kuna watu wametolewa Guantanamo, ile kambi ya Marekani ya kushikilia washukiwa wa ugaidi, utasikia mmoja anasema magaidi wameachiwa wakaue tena, mwingine anasema wale wote walionewa tu hawana kosa lolote, na baada ya nusu saa watu wanatukaniana dini na hamna hata mmoja anayejua hao waliotolewa ni kina nani na wamepelekwa wapi. Mimi mwenyewe nimeshabishana hivyo na nikapigwa chini vibaya, tena na mtu ambaye alikuwa anauliza maswali tu, hasemi kitu kingine. Kwahiyo naandika namna ninavyofanya siku hizi kabla sijafungua mdomo. Sikwambii uwe upande gani, hiyo juu yako.

Anza na neno lenyewe. Vyombo vyetu vinaandika "wafungwa wa Guantanamo" kila siku, na hapo hapo mnakuwa mmeshapotea, maana mfungwa ni mtu aliyehukumiwa akapewa miaka yake. Tangu kambi ifunguliwe tarehe 11 Januari 2002, siku walipoingia watu 20 wa kwanza, wamepita pale watu kama 780, na waliohukumiwa na mahakama za kijeshi za pale hawafiki hata 20, na baadhi ya hizo hukumu zilifutwa baadaye kwenye rufaa. Sasa utasema basi tuwaite mahabusu. Nayo haikai sawa, mahabusu ni mtu wa rumande anayesubiri kesi, na wengi wao hawakuwahi kusomewa shtaka lolote, kwahiyo hakukuwa na kesi ya kusubiri. Wala hawakuitwa mateka wa vita, Bush alilikataa hilo Februari 2002 kwa sababu mateka wa vita ana haki zake kwenye mikataba ya Geneva. Wakaitwa wapiganaji maadui. Unaona? Kila neno la kawaida lina haki zake nyuma yake ndo maana likatafutwa neno jipya. Ukibishana sema "washukiwa" au "wanaoshikiliwa", na mwenzako akisema "magaidi waliohukumiwa" muulize kwa upole tu, wamehukumiwa na nani?

Na mahali nako ujue kwa nini pale. Ni kambi ya jeshi la wanamaji la Marekani ndani ya ardhi ya Cuba, waliikodi 1903, kodi ni dola 4,085 kwa mwaka na Cuba kwa miaka mingi inapokea cheki haendi mtu kuzitoa. Wanasheria wa serikali walipiga hesabu kwamba kwa kuwa ardhi sio ya Marekani basi majaji wa Marekani hawatafika. Walifika. Mahakama ya Juu mwaka 2004, alafu tena 2008 kwenye kesi ya Boumediene, majaji watano kwa wanne, wakasema watu hawa wana haki ya kwenda mbele ya jaji kuhoji kwa nini wameshikiliwa. Hiyo ya 2008 ikumbuke, kuna mtu lazima atakwambia "wale hawana haki yoyote".

Hatua inayofuata ndo kubwa kuliko zote na ndo watu wengi wanairuka. Ukitajiwa mtu, muweke kwenye fungu lake kwanza. Mwanzoni mwa Januari 2025 walibaki watu 15 tu pale, na Pentagon, yaani wizara ya ulinzi ya Marekani yenyewe, iliwagawa hivi: watatu walishapitishwa kuondoka, watatu hawajapitishwa na hawana kesi wapo wapo tu, saba wako kwenye mlolongo wa mahakama za kijeshi, wawili wameshahukumiwa. Sasa mtu anakuja anasema "waachiwe wote" au "wabaki wote", wote gani? Khalid Sheikh Mohammed anayeshtakiwa kupanga mashambulizi ya Septemba 11 yuko kwenye lile fungu la watu saba, hakuna mtu wa maana anayeomba aachiwe aende nyumbani, ugomvi wake ni ahukumiwe wapi, vipi, na kwa adhabu gani. Ule mpango wa kukiri kosa ili asihukumiwe kifo ulitiwa saini Julai 2024, ukafutwa na waziri wa ulinzi siku mbili baadaye, na mahakama ya rufaa ikaukataa Julai 2025. Familia za waliokufa wenyewe wamegawanyika kwenye hilo. Ni mjadala mwingine kabisa, usiuchanganye na huu.

Hao waliopitishwa, wamepitishwa na nani? Kuna bodi ambayo ina wajumbe kutoka sehemu sita za serikali: ulinzi, sheria, mambo ya nje, usalama wa ndani, ujasusi na wakuu wa majeshi. Lazima wote wakubali, mmoja akigoma basi. Alafu sikiliza hapa vizuri maana pande zote mbili zinakosea: bodi haiulizi kama jamaa alifanya au hakufanya, inauliza kama leo hii bado ni hatari kiasi cha kulazimika kumshikilia. Kwahiyo ukisema "amepitishwa maana yake hana hatia" umekosea, na mwenzako akisema "amepitishwa kwa siasa tu" naye akaelezee vipi watu wa jeshi na ujasusi walipiga kura ile ile.

Na kupitishwa sio kuondoka. Kuna Mtunisia aliingia siku ile ile ya kwanza, 11 Januari 2002, na akaja kupitishwa na jopo lililopitia mafaili yote enzi za Obama, ripoti ikatoka Januari 2010. Unajua aliondoka lini? Tarehe 30 Desemba 2024. Wiki mbili kabla yake alitoka Mkenya, alikamatwa Mombasa 2007, hakuwahi kushtakiwa, akapitishwa Desemba 2021 na akasubiri miaka mitatu mingine na karatasi yake mkononi. Mimi hii ndo hoja inayonishinda kuitetea serikali, zile nyingine nazielewa hata kama sikubaliani nazo, lakini ukishaandika wewe mwenyewe kwamba huyu hana haja ya kushikiliwa alafu unamshikilia, hapo unalinda nini?

Haya sasa swali la pili, anaenda wapi. Kiswahili chetu kinatuponza tena, "kuachiwa" na "kuhamishwa" tunavitumia kama kitu kimoja. Wengi wanaotoka Guantanamo hawaachiwi kama mtu anayefunguliwa geti akapanda basi, wanakabidhiwa kwa nchi nyingine kwa makubaliano: asisafiri muda fulani, afuatiliwe, nchi itoe taarifa. Na kuna neno la tatu, kuhamishia gereza lenyewe Marekani, ambalo sio kuachia mtu hata kidogo.

Hilo la tatu ndo lilimkwamisha Obama. Aliingia akasaini tarehe 22 Januari 2009 kwamba kambi ifungwe ndani ya mwaka, na Mei mwaka ule ule Seneti ikapiga kura 90 kwa 6 kuzuia hela za kuifunga, ina maana hata watu wa chama chake walimkimbia. Wakapendekeza gereza la Thomson kule Illinois, wanasiasa wakapiga kelele hatutaki magaidi mtaani kwetu, na tangu 2011 sheria ya bajeti ya ulinzi inakataza kumleta yeyote kwenye ardhi ya Marekani, hata kwa kesi. Ukiwa upande wa kufunga, hoja yako hapa ni kwamba magereza ya Marekani tayari yana watu waliohukumiwa kwa ugaidi na hawatoroki. Ila jiandae, kuna watu wa haki za binadamu nao waliupinga mpango wa Thomson, wakisema kama utawashikilia bila kesi basi umebadilisha anuani tu, hujafunga kitu.

Na hapa lazima litatajwa jina la Ahmed Khalfan Ghailani, Mzanzibari, ndo pekee aliyewahi kutolewa Guantanamo akapelekwa mahakama ya kiraia New York, kwa mabomu ya tarehe 7 Agosti 1998 Nairobi na Dar es Salaam yaliyoua watu 224. Novemba 2010 akaachiwa makosa zaidi ya 280 na kukutwa na hatia kwenye kosa moja tu la kula njama. Anayepinga mahakama za kiraia anasema unaona, nusura atoke. Anayeziunga mkono anasema unaona, kapigwa kifungo cha maisha. Kesi moja, hoja mbili, na wote wanasema ukweli! Kinachosahaulika ni kwamba jaji alimkataa shahidi mkubwa wa upande wa mashtaka kwa sababu alipatikana kupitia mahojiano ya nguvu ambayo CIA walimfanyia Ghailani mwenyewe. Kwahiyo kilichotikisa kesi ni yale yaliyofanywa kabla hata hajaiona New York, na ukiijua hiyo umeshamzidi mwenzako.

Kurudishwa kwao nako sio rahisi. Sheria inakataza kumpeleka mtu Yemen, Somalia, Libya au Syria, na kuna ambao wakirudi kwao wanateswa. Wale Wauyghur 22, Waislamu wa kabila dogo kutoka China, ndo mfano mzuri, Marekani yenyewe ilikubali sio maadui, jaji akaamuru Oktoba 2008 waliobaki 17 waletwe Marekani, rufaa ikapindua, na serikali ikabaki inazunguka dunia kama mtu anayetafutia paka wake wa kumlea. Wanne wakaenda Bermuda, sita Palau, wengine Albania, Uswisi, El Salvador, na watatu wa mwisho Slovakia Desemba 2013. Nchi iliyowashikilia haikuchukua hata mmoja, na hapo kila nchi iliyoombwa ilikuwa na haki ya kuuliza: kama sio hatari mbona nyinyi hamumtaki?

Ghana waliuliza kweli. Walipokea Wayemeni wawili Januari 2016, wananchi wakaenda mahakamani, na Juni 2017 Mahakama ya Juu ikasema serikali ilivunja katiba kwa kutolipeleka bungeni. Senegal walipokea Walibya wawili 2016 na mwaka 2018 wakawarudisha Libya, nchi ile ile ambayo Marekani ilikatazwa kuwapeleka. Falme za Kiarabu (Emirates) ndo mbaya zaidi kwangu, watu walitoka Guantanamo wakitarajia kuanza maisha, wakaishia kufungiwa tena miaka mingine. Kwahiyo ukisikia "amehamishwa", hujamaliza kuuliza.

Asilimia sasa. Mtu akikwambia "theluthi moja wanarudi kwenye ugaidi" usihamaki, hiyo namba ina chanzo chake ila imepikwa. Ripoti za ofisi ya mkuu wa ujasusi wa Marekani zinatoa makundi mawili, waliothibitishwa kurudi kama asilimia 17, na wanaoshukiwa kama asilimia 14. Kushukiwa hapo inaweza kuwa taarifa ya chanzo kimoja ambayo haijathibitishwa, kwahiyo kuyajumlisha makundi yote mawili ni ujanja. Alafu uliza waliondoka lini. Wengi sana walitoka enzi za Bush, zaidi ya 500, kabla ya ule mchujo wa sehemu sita, na hao waliothibitishwa wanafika asilimia 20 na kidogo. Waliotoka baada ya Januari 2009 ni kama asilimia 5. Lakini na wewe usijifanye namba hiyo ni sifuri, asilimia 5 ya watu karibu 200 ni watu, na mtu mmoja anatosha kuua.

Hoja ngumu kuliko zote ya wanaopinga, na usiikwepe, ni wale Wataliban watano waliobadilishwa na Bowe Bergdahl, askari wa Marekani aliyekuwa mikononi mwa Taliban, tarehe 31 Mei 2014. Kongresi haikupewa taarifa ya siku 30 kama sheria ilivyotaka. Mmoja wao, Khairullah Khairkhwa, 2021 akawa waziri Kabul. Hapo unajibu nini? Mimi huwa nasema ukweli, kwamba ile ilikuwa ni kubadilishana mateka na sio bodi kumpitisha mtu, na kwamba watano hao hao waliingia ofisi ya Taliban Doha iliyokuwa inazungumza amani na Marekani yenyewe. Wengine wanaona hilo linazidisha ubaya. Sijawahi kushinda hapo, huwa tunatoka sare.

Gharama igusie kwa ufupi: 2019 gazeti la New York Times lilipiga hesabu likapata dola milioni 13 kwa mtu mmoja kwa mwaka. Na mtu akikuletea habari za wahamiaji waliopelekwa Guantanamo kuanzia Februari 2025, mwambie hao ni watu wengine chini ya sheria nyingine, ingawa kambi ni ile ile.

Tujaribu na habari moja. Januari 2025, vichwa vya habari "Marekani yaachia 11 wa Guantanamo". Neno: hakuna kati yao aliyekuwa ameshtakiwa, kwahiyo sio wafungwa. Fungu: walishapitishwa kuondoka. Wapi: Oman, kwa sababu wao ni Wayemeni na Yemen imekatazwa. Kwa nini wakati ule? Walikuwa waondoke Oktoba 2023, ndege ilishaandaliwa kabisa, yakatokea mashambulizi ya Oktoba 7 kule Israel, wabunge wakaingiwa na wasiwasi na safari ikasimamishwa. Wakakaa karibu miezi 15 mingine. Kwenye mafaili yao hakuna kilichobadilika muda wote huo, kilichobadilika ni kwamba uchaguzi ulikuwa umeshapita na Biden alikuwa amebakiza wiki mbili.