Ukijaziwa bima ya afya steshenari, usiache taarifa zako pale

Ndugu zangu wa Mtwara na Lindi, hela ya korosho ikishaingia ndo wengi tunakumbuka bima ya afya, na wengi hatujazi wenyewe, iwe Masasi, Newala au Nachingwea tunaenda steshenari tunamkabidhi kijana namba ya NIDA, picha za watoto, vyeti vya kuzaliwa, kila kitu. Hapo ndo pa kuwa makini sana. Marekani mwaka 2018 mfumo wa bima wa serikali, HealthCare.gov, ulivamiwa na taarifa za makumi ya maelfu ya watu zikafikiwa, na walioingia walipita kwenye njia ya mawakala wanaowaandikisha wenzao, sio ile ya wananchi wenyewe.

Kwahiyo kaa pembeni ya kijana uone kioo. Anwani ya tovuti kaichukue mwenyewe kwenye ofisi ya mkoa ya NHIF, yaani Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, kijana aiandike herufi kwa herufi, linki za kwenye magrupu ya WhatsApp achana nazo, na ile alama ya kufuli isikutulize maana hata matapeli wanayo.

Akifika kwenye namba ya simu na imeili angalia vizuri, wengine wanajaza za kwao ili kazi iende haraka. Kataa kabisa. Ikiwa ni namba yake, siku yoyote akibonyeza "nimesahau paswedi" kodi, yaani ile namba ya siri ya uthibitisho, inaenda kwake, akaunti yenye majina ya mkeo na wanao inakuwa ya kwake. Paswedi andika mwenyewe kwenye kibodi, kompyuta ikiuliza iitunze sema hapana, na kodi ikija kwenye simu yako usimsomee kwa sauti, steshenari ina foleni na watu wana masikio.

Mkimaliza usinyanyuke kwanza. Alogi auti, afute zile picha kwenye WhatsApp yake na kwenye faili zilizopakuliwa, halafu afute na kwenye kapu la takataka la kompyuta, watu wengi wanasahau hapo. Kopi iliyoharibika ondoka nayo, kesho utaikuta imefungiwa karanga.

Malipo ni kwa kontrol namba, ukiambiwa tuma kwenye namba ya mtu acha.

Ukihisi taarifa zimevuja, piga *106# uone laini zilizosajiliwa kwa NIDA yako, usiyoijua nenda kwa mtandao husika ifungwe. Meseji ya utapeli itume 15040. Badili paswedi, nenda NHIF uwaambie waangalie kama kadi yako imetumika hospitali ambayo hujafika, hili naliombea sana kwa wazazi wetu vijijini ambao kadi inakaa kabatini hata mwaka. Na tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, aliyetumia taarifa zako bila ridhaa unaweza kumlalamikia kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, ila meseji zote na picha za kioo zitunze, usifute hata moja kabla hujapeleka malalamiko.